Kilo ya Kitomari

Mimi ni fundi mita. Namba nimezizoea
kama wengine walivyozoea majirani:
ipi mwongo, ipi mgonjwa, ipi ina deni.
Kutoka Usa hadi Kikatiti nimefungua visanduku,
nikakuta mijusi iliyokaangwa na umeme
na waya wa wizi nyuma ya kalenda ya usharika.
Ndipo Naishiye akaja, kafi begani, ndala zimelowa:
"Fundi, na hili lifungie mita."

Sikucheka. Nililipokea kwa mikono miwili.
Kwenye mpini, shibiri moja juu ya bapa,
nikabandika kihisi chembamba kama ganda la kitunguu.
Mpini ukipinda, nacho hupinda,
umeme ukapungua kiasi cha unywele, simu ikasoma.
Kani mara mwendo, nikamweleza, hiyo ndiyo wati.
"Mimi nataka kujua jambo moja," akasema.
"Nikiachia nusu ya njia, nimechoka au nimedeka?"

Ila kihisi hakizaliwi kikijua kilo.
Sharti kifundishwe.
Jumatano, siku ya soko Tengeru,
nikaazima kwa Kitomari wa buchani
jiwe lake la mizani, la kilo moja,
nikalining'iniza kwenye bapa mara ishirini.
Hii ndiyo moja, nikaliambia kafi. Usisahau.
Halikusahau. Hilo ndilo tatizo la vyombo.

Duluti alfajiri: maji meusi ndani ya shimo la volkano,
huoni mto uingiao wala utokao.
Mimi ukingoni na simu, yeye kwenye kayaki,
kenge juu ya gogo akitutazama kama mkaguzi.
Mia na arobaini.
Mia sabini na moja.
Kulia alipiga kwa hasira, kushoto kwa adabu;
nikamwonyesha mistari miwili, akanyamaza,
akaanza kuvuta kwa kiuno, akauacha mkono upumzike,
na asubuhi ya tisa simu ikaandika: mia mbili.
Alipiga yowe mpaka minandi ikaruka.
Jioni aliiandika ukutani jikoni kwa mkaa,
mama yake akanunua nyama kilo tatu, kwa Kitomari,
tukala na ndizi, mimi nikapewa mfupa wenye uboho.

Wiki iliyofuata watu wa vipimo wakaingia sokoni.
Wakalipindua lile jiwe. Tako limetobolewa,
tundu limezibwa nta na kupakwa masizi.
Gramu mia tisa na arobaini.

Nilikaa barazani na kalamu, nikazidisha,
nikazidisha tena kana kwamba hesabu ingeona haya.
Nani angejua? Ziwa halina mdomo.
Lakini nimewakatia watu umeme
kwa kosa dogo kuliko hili.

"Mia themanini na nane," nikamwambia.
Alikuwa akikamua soksi. Aliendelea kukamua.
Kisha akauliza: "Na ile nyama?"
Nini, nikasema.
"Ile kilo tatu. Tulikula ngapi?"
Gramu mia na themanini hazikufika sufuriani.
"Na miaka tisa mama ananunua pale," akasema,
akacheka vibaya, kama mtu aliyejikwaa gizani.

Tukalifundisha kafi upya kwa maji,
kwa kuwa lita ya maji haina nta takoni.
Ile mia mbili ya mkaa hakuifuta.
Mpaka leo ipo, na chini yake kistari,
na chini ya kistari: 188, 190, 187, 193.

Jumamosi alibeba kafi hadi buchani.
Foleni ilikuwa ndefu, watu na vikapu vyao.
Akalilaza mpini juu ya meza, bapa likaning'inia nje,
akafunga mfuko wa nyama kwa kamba ya katani,
akawasha simu, akaiinua ili na wa nyuma waone.
Kitomari alikata kipande cha ini, akaongeza.
Naishiye akasoma namba.
"Bado," akasema.
Kitomari akachukua kisu tena.